Somo la Afya: Homa ya Ini na Safari ya Kupata Figo Mpya

Mgonjwa wa figo anapopata habari kwamba ndugu yake amekubali kumtolea figo moja, familia nzima huanza kupiga hesabu: gharama ya matibabu, nauli ya Nairobi au Eldoret, siku za kulazwa, na nani atakayebaki na watoto. Kuna jambo moja ambalo mara nyingi halimo katika hesabu hiyo, nalo linaweza kuisimamisha safari yote karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Jambo hilo ni homa ya ini.

Wakazi wengi hushangaa. Figo ziko upande wake na ini liko upande wake, hivyo vinahusianaje? Katika somo la toleo hili tunaeleza uhusiano huo, na kwa nini wakati mzuri wa kupimwa na kuchanjwa ni mapema, hata kabla figo hazijashindwa kabisa kufanya kazi. Tunaeleza pia jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaambiwa: siku hizi kuwa na virusi vya homa ya ini si lazima kukunyime figo mpya. Kinachoumiza ni kutojulikana kwa virusi hivyo, au kujulikana kisha vikafichwa.

Virusi tunavyovizungumzia

Homa ya ini inayoletwa na virusi ina aina kadhaa. Aina A na E hupitia katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na watu wengi hupona wenyewe. Hizo tutaziweka kando leo. Aina B na C ndizo zinazowahusu zaidi wagonjwa wa figo, kwa sababu huambukizwa kupitia damu na huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi. Aina B huambukizwa pia kwa kujamiiana, na mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na aina B na milioni 50 na aina C.

Watu wengi huuita ugonjwa huu manjano, na jina hilo limetupotosha. Mtu husubiri macho yageuke rangi ndipo aende hospitalini, ilhali wengi wenye aina B au C ya muda mrefu hawageuki rangi kamwe. Wanalima, wanafanya biashara, wanazaa watoto, huku ini likiota makovu polepole. Kwa mgonjwa wa figo hali huwa ya kificho zaidi. Kinga yake ya mwili imedhoofika, kwa hiyo haipigani na virusi kwa nguvu, na bila mapigano hayo dalili hazionekani. Hata kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha kama ini linaumia huwa na tabia ya kutoa namba za chini kwa watu wanaosafishwa damu. Anaweza kuambiwa ini lake ni zima kumbe virusi vimo. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa figo vinapimwa virusi vyenyewe, bila kungoja dalili.

Virusi hivi pia vinaweza kuwa ndivyo vilivyoanzisha ugonjwa wa figo. Wengi wetu tunajua kwamba kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa. Lakini aina B na C huweza kuufanya mwili ushambulie vichujio vidogo vilivyo ndani ya figo, mgonjwa akaanza kuvimba miguu na uso na mkojo ukawa na povu. Afrika Kusini iliingiza chanjo ya aina B katika ratiba ya watoto mwaka 1995, na baada ya hapo madaktari wa KwaZulu-Natal waliona watoto wenye ugonjwa wa figo unaotokana na virusi hivyo wakipungua. Chanjo ya ini ilikuwa imelinda figo.

Kilichotokea Edinburgh

Ili kuelewa kwa nini wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu ni wakali kuhusu glavu na vipimo, inafaa kurudi nyuma hadi Edinburgh, nchini Scotland. Katika mji huo ndipo daktari Michael Woodruff alipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Uingereza, tarehe 30 Oktoba 1960, kati ya mapacha wawili. Mji ukawa na sifa. Miaka tisa baadaye, kati ya 1969 na 1970, homa ya ini aina B ikaingia katika kitengo cha wagonjwa wa figo cha hospitali yake kuu. Watu 11 walikufa. Saba walikuwa wagonjwa na wanne walikuwa wafanyakazi wa hospitali.

Wakati huo dunia ilikuwa haijavizoea virusi hivyo. Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walikuwa wamechapisha habari za ugunduzi wao mwaka 1965 tu, na vipimo vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. (Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.) Sheria zilizofuata misiba ya aina hiyo ndizo tunazoziona leo katika vitengo vya figo: kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza, mwenye aina B awe na mashine yake na sehemu yake, glavu zibadilishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, na chakula kisiliwe mahali damu inaposhughulikiwa.

Ukali huo una sababu. Virusi vya aina B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni, juu ya kiti, kwenye kitufe cha mashine au kwenye mkasi wa plasta. Mgonjwa anayesafishwa damu huunganishwa na mashine kwa takriban saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima. Hebu hesabu ni mara ngapi damu yake inatoka nje ya mwili na kurudi.

Tangu mpango wa kitaifa wa vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015 ulipopeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, huduma hii haiko tena katika miji mikubwa pekee. Ni nafuu kubwa kwa mgonjwa aliyekuwa akisafiri usiku kucha. Lakini nafuu hiyo imekuja na wajibu wake, na baadhi yake uko mikononi mwa mgonjwa. Ukihamia kituo kingine, hata kwa wiki moja tu ya matanga au likizo, beba majibu ya vipimo vyako vya karibuni vya aina B, C na virusi vya Ukimwi. Wauguzi wakikukatalia mashine kwa sababu huna majibu, wanakulinda wewe na aliye kwenye kiti cha jirani.

Chanjo ipo, ila ina wakati wake

Aina B ina chanjo. Aina C haina. Hili lishikwe vizuri, maana wakazi wengi hudhani kwamba chanjo moja inatosha kwa zote.

Watoto wa Kenya hupata chanjo ya aina B ndani ya ile chanjo ya tano kwa moja, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Utaratibu huo ulianza mwishoni mwa mwaka 2001. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hakuchanjwa utotoni katika ratiba ya kawaida, na wengi wa wagonjwa wa figo tulionao wamo katika kundi hilo.

Mtu mzima mwenye afya hupewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kati ya watu 10 wa namna hiyo, zaidi ya 9 hupata kinga. Figo zinapokuwa zimechoka, mwili hauitikii chanjo vizuri. Kati ya wanaosafishwa damu, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaopata kinga ya kutosha ni kati ya nusu na robo tatu. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa aina hii hupewa dozi maradufu, mara nyingi mara nne: mwanzo, baada ya mwezi mmoja, miezi miwili na miezi sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho damu hupimwa kuona kama kinga imefika angalau yuniti 10 kwa lita, kisha hupimwa tena kila mwaka. Ikishuka, anaongezewa dozi. Baada ya kupandikizwa figo mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa dawa anazomeza zinaituliza kinga ile ile ambayo chanjo inajaribu kuiamsha.

Kwa hiyo mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu ambaye daktari amemwambia kwamba figo zimeanza kudhoofika, lakini bado hajafika kwenye mashine, ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Mwili wake bado unaweza kuitikia. Kwa maoni yetu swali hili lingefaa kuulizwa katika kila kliniki ya kisukari: je, nimepimwa homa ya ini aina B, na kama sina, naweza kuchanjwa? Mgonjwa asisubiri kuulizwa. Aulize yeye.

Figo mpya inapoingia

Mwili wa binadamu hautambui huruma. Figo ya dada ikiingia katika mwili wa kaka, kinga huiona kama mgeni na kutaka kuifukuza. Ili isifukuzwe, aliyepandikizwa humeza dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, kila siku kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Dozi huwa kubwa zaidi miezi ya mwanzo.

Sasa fikiria virusi vya aina B vilivyokuwa vimelala ndani ya ini. Mlinzi aliyekuwa akivizuia amepewa dawa ya usingizi. Virusi huamka, huzaana kwa wingi, na ini linaweza kushindwa katika muda wa wiki chache. Hata mtu aliyewahi kuambukizwa zamani na kupona huweza kubaki na mabaki ya virusi ndani ya ini, ingawa hatari yake ni ndogo zaidi. Ndiyo sababu madaktari hupima zaidi ya kitu kimoja: kama virusi vipo sasa, kama mtu aliwahi kukutana navyo, na kama ana kinga.

Zamani matokeo yalikuwa mabaya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliounganisha tafiti kadhaa zenye jumla ya wagonjwa zaidi ya 6,000, ulionyesha kwamba waliopandikizwa figo wakiwa na virusi vya aina B walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wale wasio navyo, na hatari ya kupoteza figo mpya ilikuwa juu pia. Ni takwimu kama hizo zilizowafanya wagonjwa wengi waambiwe kwamba upandikizaji si wao.

Hali imebadilika kwa sababu ya dawa. Kwa aina B kuna entekaviri na tenofoviri, vidonge vinavyomezwa kila siku. Haviviondoi virusi mwilini, bali huvizuia kuzaana. Aliye na virusi huanzishiwa dawa kabla ya upandikizaji au wakati wake, na huendelea nayo kwa miaka, kwa kawaida maadamu anatumia dawa za kutuliza kinga. Daktari wa figo ndiye wa kuchagua, kwa kuwa aina ya zamani ya tenofoviri inaweza kuumiza figo na dozi hupangwa kulingana na nguvu ya figo.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asome taratibu. Mtu huyu akijisikia mzima, vipimo vikawa vizuri, kisha akaamua mwenyewe kuacha kidonge cha ini kwa sababu dawa ni nyingi au pesa zimepungua, virusi vinaweza kurudi kwa kishindo na kumuua. Figo aliyopewa na ndugu yake ikaenda naye. Kama kidonge kinakaribia kuisha na huna uwezo wa kununua kingine, nenda hospitalini useme hivyo kabla hakijaisha. Kuona haya katika jambo hili ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Aina C ina habari njema kuliko zote. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za intaferoni, ambazo ziliiamsha kinga. Ukimdunga aliyepandikizwa figo sindano hizo, kinga iliyoamka huweza kuishambulia figo yenyewe. Madaktari wakawa wamekwama: watibu ini wapoteze figo, au walinde figo na kuliacha ini. Dawa za sasa za kumeza, kama sofosbuviri na velpataviri zikiwa pamoja, huvishambulia virusi moja kwa moja, na huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, kwa kawaida katika wiki 12. Zinatumika hata kwa wanaosafishwa damu na kwa waliokwisha kupandikizwa, huku daktari akiangalia zisigongane na dawa nyingine. Kuponya hapa ni kuponya kweli: virusi huondoka. Lakini havimwachii mtu kinga, hivyo anaweza kuambukizwa upya.

Uwezo wa dawa hizi umefika mahali ambapo zamani pasingefikirika. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, madaktari waliwapandikiza wagonjwa 10 wasio na aina C figo za marehemu waliokuwa na virusi hivyo, kisha wakawapa dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wote 10 walipona aina C. Hapa kwetu, ambako figo hutoka kwa mtoaji aliye hai, njia ya kawaida ni kutibu kwanza kisha kupandikiza.

Kabla ya upasuaji daktari pia atataka kujua ini limeharibika kiasi gani. Makovu madogo hayazuii. Ini lililokwisha kushindwa kazi ni jambo jingine, kwa sababu figo peke yake haitamwokoa mgonjwa huyo, na mazungumzo hugeuka kuwa ya kupandikiza ini na figo kwa pamoja, upasuaji mgumu zaidi. Tofauti kati ya wagonjwa hawa wawili mara nyingi ni miaka tu: mmoja alipimwa mapema, mwingine alichelewa.

Ndugu anayetoa figo

Anayejitolea hupimwa aina B, aina C na virusi vya Ukimwi, pamoja na sukari, shinikizo la damu na figo zake zote mbili. Tuseme kaka anataka kumtolea dada yake, na kipimo kinaonyesha kaka ana aina B ambayo hakuijua. Familia huumia. Wengine hufikiri amekataa kwa hila, wengine humtazama kwa jicho la lawama kana kwamba amefanya uovu. Huenda aliambukizwa siku aliyozaliwa: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 9 hubaki na virusi maisha yao yote. Kipimo hicho kimemfaa yeye mwenyewe, kwa kuwa sasa anaweza kufuatiliwa kabla hajapata makovu au saratani ya ini. Mkewe na watoto wake nao wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe.

Majibu ya mtoaji ni siri yake. Ana haki ya kuzungumza na daktari peke yake, bila wazee wa familia chumbani, na ana haki ya kubadili mawazo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya maandishi na inakataza biashara ya viungo vya mwili.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, naweza kuambukizwa nikila sahani moja na mgonjwa? Hapana. Aina B na C haziambukizwi kwa kula pamoja, kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana au kukohoa. Usitumie wembe wake, mswaki wake wala kikata kucha chake, kwa sababu ya damu.

Damu ya kuongezewa ni salama? Damu inayotolewa nchini hupimwa virusi vya Ukimwi, aina B, aina C na kaswende. Hata hivyo mgonjwa anayesubiri figo huongezewa damu pale tu inapolazimu, kwa kuwa damu ya watu wengine hujenga ndani yake kinga inayoweza kufanya iwe vigumu kupata figo inayolingana. Ukiwa na upungufu wa damu, muulize daktari kuhusu sindano za kuongeza damu zinazotumika kwa wagonjwa wa figo.

Dawa za miti shamba za kusafisha ini zinafaa? Kwa mwenye figo mpya, tunasema hapana bila kuzunguka. Baadhi huumiza ini, na baadhi hubadilisha kiwango cha takrolimasi katika damu, kikapanda hadi kuwa sumu au kikashuka hadi figo ikakataliwa. Kama tayari umezitumia, mwambie daktari ni zipi na tangu lini. Ukiweza, nenda na chupa au pakiti yenyewe.

Nipeleke nini kliniki? Kadi ya chanjo kama unayo, majibu yote ya homa ya ini hata ya miaka iliyopita, orodha ya dawa unazomeza, na kitambulisho chako pamoja na uthibitisho kwamba umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kama huna kadi ya chanjo wala hukumbuki kama ulichanjwa, usirudi nyumbani kwa sababu hiyo. Kipimo cha damu kitaonyesha kama una kinga.